Chupa Kasoro Brashi

Morogoro tunaiita mji kasoro bahari. Milima ipo, mito ipo, ndizi na mananasi yanashuka kutoka Kinole na Matombo, Chuo Kikuu cha Sokoine kipo tangu 1984. Kilichopungua ni bahari tu. Nyumbani kwangu Kihonda mambo ni hayohayo. Chupa ya kioo ya kuchachushia mvinyo ninayo, ya lita 20. Rozela ninayo, sukari na hamira ninazo, wanywaji ndio usiseme. Kilichopungua ni brashi inayofika ndani ya chupa.

Mwongozo huu basi ni wa watu wa kasoro. Umetokana na kuharibu mvinyo kwa miaka minne mfululizo, na kila ushauri uliomo nimeulipia kwa sukari yangu mwenyewe. Ukiufuata vizuri utapata chupa safi. Ukiufuata vibaya utapata siki, ambayo kwenye kachumbari haina ubaya.

Kabla ya kuosha, sharti ununue. Chupa za plastiki za maji ya kunywa zimejaa kila kona, lakini mtu akishasoma kurasa mbili za habari za mvinyo haitaki tena plastiki. Atakwambia plastiki inakwaruzika, na kila mkwaruzo ni chumba cha kupanga kwa vijidudu, kodi hawalipi na kuhama hawahami. Anasema kweli. Kioo hakikwaruziki ovyo, hakishiki harufu, na kinaonyesha kila kilichomo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo itakayokutesa.

Mimi nilianzia kwa wauza vyuma chakavu. Kijana mmoja akanionyesha chupa za kahawia, kioo kinene, kifuniko cha kubana, bei ya kutupa. "Hizi zimetoka maabara, mzee," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesifia ng'ombe wa maziwa. Nafundisha Kiswahili, kemia niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo nikampigia simu mwenzangu wa kemia. Akauliza kama lebo ina picha ya fuvu. Nikamwambia lebo imebanduliwa. "Basi ogopa zaidi," akasema, akakata simu. Hapa sifanyi mzaha: chupa usiyojua ilibeba nini haioshwi, inaachwa palepale. Tindikali unaweza kuisuuza ikaisha. Usichokijua jina huwezi kujua kama kimeisha.

Haya, chupa umepata, mvinyo umechachuka, umeunyonya kwa mpira ukauhamishia kwenye chupa ndogo. Hatua ya kwanza sasa ni kutoosha. Hii ndiyo hatua inayofuatwa na wengi, nami ni bingwa wake. Chini kuna mashapo ya hamira, laini kama uji wa ulezi. Juu, kwenye mabega ya chupa, povu la siku zile za mwanzo limeacha ukoko wa duara, rangi ya zambarau iliyokauka, na ndani yake vipande vya rozela vimenasa kama nzi kwenye gundi. Muda huo, ukiisuuza chupa kwa maji ya kawaida, robo tatu ya uchafu unatoka wenyewe. Lakini marafiki wamekuja kuonja. Unasema nitaosha kesho. Kesho ni Jumapili. Jumatatu kuna kazi. Kufikia Alhamisi ukoko umekuwa sehemu ya kioo, na juu ya mashapo kumeota manyoya meupe yenye nukta za kijani. Hongera, sasa una kitu cha kuosha.

Hatua ya pili ni kutumia nguvu, kwa sababu akili bado haijafika. Mkono haupiti shingoni. Usijaribu, maana kuna mtu alijaribu na mtu huyo ni mimi. Stilwaya inapita kuingia, kutoka inaleta mjadala. Wengine hutia kokoto na mchanga wa mto wakatikisa, kama bibi zetu walivyofanya kwenye vibuyu. Kibuyu kina ngozi ngumu, kinavumilia. Kioo kinachorwa, na mchoro mdogo ndio mahali ufa utakapoanzia siku utakayomwagia maji ya moto. Ukitaka cha kutikisa, tumia mchele na maji, njia ileile ya kuoshea chupa ya chai. Chenga zinatosha. Nilipotumia mchele mzima wa Ifakara, mke wangu alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaipatia jina katika Kiswahili, na hiyo ndiyo kazi yangu. Muda wa kutikisa ni upande mmoja wa santuri ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Ukigeuza upande wa pili, mgongo utakukumbusha umri wako.

Kisha kuna dodoki. Nilipata wazo, nikajiona mgunduzi: dodoki likiwa kavu linakunjika, linapita shingoni kwa kulisukuma na mwiko. Ndani unalitia maji, linafunguka, unalizungusha kwa fimbo, chupa inang'aa. Yote yalitokea kama nilivyopanga. Nilichosahau ni kwamba dodoki lililolowa halikunjiki tena. Likakaa humo siku tisa. Wageni waliuliza ni mmea gani. Nililitoa baada ya kukauka kabisa, kipande kwa kipande, kwa waya niliokunja ncha kama ndoana, nikiwa nimelala kifudifudi uani, na watoto wa jirani wamejipanga ukutani kama wako uwanja wa Jamhuri.

Hatua inayofuata ni sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua. Inatoa uchafu, hilo silipingi. Ila harufu yake haitoki kirahisi, hata ukisuuza mara tano. Mvinyo wa mwezi ule ulinukia kama shuka jipya la bibi harusi. Shemeji yangu alikunywa glasi nzima, mtu mwenye adabu zake, akaniambia, "Huu unafaa kupigwa pasi." Kwa watengeneza bia, sabuni ina kosa la pili: mabaki yake huua povu, na bia isiyo na povu mezani hutazamwa kama mkojo. Sisemi zaidi.

Nisimame kidogo nitoe tangazo kwa majirani. Chupa kubwa ya kioo yenye mpira mdomoni na mrija uliozama kwenye glasi ya maji siyo mtambo wa gongo. Gongo inachemshwa ikakusanywa mvuke wake, na ni marufuku kisheria. Huu ni mvinyo unaochachuka, na viputo vile vya hewa vinavyotoka kwenye glasi ni kabonidayoksaidi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuangalia, nikamweleza hayo yote, akaelewa, akaonja, na tangu hapo anakuja kuangalia kila mwezi.

Akili, ilipofika, ilitoka ng'ambo ya barabara. Kuna mama pale anauza komoni. Unga wa mahindi, kimea, pipa la plastiki, siku chache, watu wanakaa kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa nampita na elimu yangu ya kioo kichwani, nikimwonea huruma kwa pipa lake lenye mikwaruzo kama ramani ya mito ya Uluguru. Siku ya dodoki ndiye aliyeingia uani akanikuta nimelala chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umedondosha nini humo?"

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko angecheka. Akaniuliza chupa ilimalizika mvinyo lini. Nikasema wiki mbili zilizopita. Akasema, "Mie pipa halilali chafu," akaondoka zake kuangalia moto.

Nikaanza kumchungulia. Komoni inapokwisha, hata kama ni saa nne usiku na mteja wa mwisho bado anaimba, maji yanaingia kwenye pipa kabla halijakauka. Asubuhi anasugua kwa majivu, anasuuza, anaegemeza mdomo kwenye jua. Basi. Hana kitabu cha Louis Pasteur kuhusu bia, kile cha 1876, ambacho Mfaransa yule alikiandika akiwa na hasira na Wajerumani, akitaka bia ya kwao iishinde ya adui baada ya vita vya 1870. Pasteur alieleza kwa darubini kwamba bia inaharibiwa na vijidudu vinavyoingia mahali visipoalikwa. Mama wa komoni anajua hivyo kwa pua.

Tena ana faida ambayo mimi sina. Komoni yake haingojwi. Inachachuka, inauzwa, inakwisha. Bakteria wa siki wanafika wakakuta benchi tupu. Uchachu kidogo ndio ladha yenyewe. Mvinyo wangu unatakiwa ukae miezi, na bakteria wa siki wana subira kuliko mimi. Wakipata hewa na pombe wanatengeneza tindikali ya siki polepole, bila kelele, na unakuja kujua siku ya Pasaka mbele ya wakwe. Kwa hiyo mwenye chupa ya kioo anapaswa kuwa msafi kuliko mwenye pipa, si kwa sababu amestaarabika zaidi, ila kwa sababu amejitafutia kinywaji kinachosubiri.

Sasa majivu. Mwenzangu wa kemia, tulipopatana tena, alinieleza kwamba maji ya majivu yana potasiamu kaboneti, na magadi tunayotia kwenye maharage ni sodiamu kaboneti na baikaboneti. Ni watoto wa ukoo mmoja. Vyote hulegeza mafuta na utomvu wa vyakula na kuung'oa ukoko wa povu bila kusuguliwa. Makopo ya unga wa kuoshea vyombo vya bia wanayonunua wenzetu Ulaya na Marekani kwa bei ya kuku wawili, sehemu kubwa yake ni hiyohiyo sodiamu kaboneti, imevaa suti. Nimekuwa nikitafuta dawa ya chupa yangu kumbe ipo jikoni, kwenye kopo karibu na chumvi.

Fanya hivi, na hapa nasema kwa dhati. Siku ileile chupa inapokwisha, isuuze mara mbili mashapo yatoke. Chukua nusu kikombe cha magadi, yayeyushe kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, yaache yatulie, kisha mimina yale maji ya juu tu. Mchanga wa magadi ya mawe ubaki kwenye sufuria. Tia kwenye chupa, jaza maji mpaka mdomoni, kwa sababu ukoko uko mabegani na usipolowa hautoki. Nenda kalale. Usiku kucha utakuwa unaosha chupa huku unakoroma.

Kama ulikuwa na rozela, kaa kidogo utazame kabla hujalala. Wekundu wake ukikutana na magadi unabadilika. Kwanza zambarau inashuka kutoka mabegani kama moshi, kisha buluu, kisha kijani ya majani ya mgomba mchanga. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimetengeneza sumu. Ni tabia ya rangi ya ua hilo: kwenye tindikali ni nyekundu, kwenye magadi ni kijani. Nami nikaigeuza kuwa askari. Asubuhi mwaga, tia maji mapya yenye magadi kidogo, ngoja robo saa. Yakipata rangi yoyote, bado kuna rozela imejificha. Yakibaki meupe, umeshinda. Mwenye mvinyo wa nanasi au ndizi hana askari huyo. Atumie macho, na chupa ielekezwe dirishani.

Kostiki ya watengeneza sabuni iache kwa watengeneza sabuni. Inang'oa ukoko kweli, na ngozi ya mkono wako pia, na ukiimwagia maji inachemka yenyewe kwa hasira.

Hatua nyingine, ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza ila nami niliijua kwa kuchelewa, ni kuogopa maji ya moto. Chupa yangu ya kwanza ilikufa asubuhi moja ya Julai, upepo wa mlimani unashuka na watu wamevaa masweta. Chupa ililala uani ikiwa baridi. Nikachukua birika linalochemka nikamimina, nikijivuna kwamba leo hakuna kijidudu kitakachopona. Kioo hakipitishi joto upesi: upande wa ndani unatanuka wakati wa nje bado umejikunyata, na wasipoelewana mmoja anavunja nyumba. Ilisema "ta!" mara moja tu. Shingo na mabega vikabaki mikononi mwangu, kitako kikabaki sakafuni, kimekatwa duara safi ambayo fundi asingeweza. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Ukilazimika kutumia ya moto, panda ngazi polepole: baridi, vuguvugu, moto wa mkono kuvumilia, ukomee hapo.

Usiibebe kwa shingo. Chupa ya lita 20 ikijaa maji ni zaidi ya kilo 20, imelowa, inateleza kama kambare, na kioo kikipasuka mikononi hukata mishipa ya vidole ambayo haiungiki vizuri. Wataliano na Wafaransa walisuka vikapu vya kuvisha chupa zao. Sisi tuna tenga. Tenga lililoshusha nyanya kutoka Mgeta, likitandikwa gunia kuukuu ndani, limeibeba chupa yangu ya pili miaka mitatu bila malalamiko. Osha juu ya gunia pia, usioshe juu ya saruji.

Kuna kuosha na kuna kuua vijidudu, na wavivu huviunganisha. Uchafu hauuliki, dawa ikikuta ukoko inaishia kwenye ukoko. Chupa ikishakuwa safi, tia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo kwetu kila kampuni ikiitengeneza bado tunaiita Jik. Isiyo na harufu ya limau. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji, dakika 20, kisha suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Hayo ya kuchemshwa usiyapuuze, hasa masika, mito ya Uluguru inaposhuka na rangi ya chai ya maziwa.

Na tafadhali, mtu asije akasema, "Siki inasafisha, Jik inasafisha, nikichanganya vitasafisha zaidi." Klorini ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi, gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwarushia adui zake karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Bafu letu la futi sita kwa tano halikujengwa kwa ajili ya vita hivyo.

Mwisho kabisa, kipimo. Jaza chupa maji safi, yamwage, itazame kwenye mwanga. Maji yakiteleza ndani ya kioo kama shuka moja, pameoshwa. Yakijikusanya matone matone, pana mafuta. Rudi kwenye magadi. Kisha igeuze mdomo chini kwenye uchanja wa vyombo, imebanwa vizuri kuku wasiiangushe. Kuianika juani ili jua liue vijidudu ni kujifurahisha: mionzi mikali ya jua yenye kazi hiyo sehemu kubwa inazuiwa na kioo chenyewe. Jua la mama wa komoni linafanya kazi kwa sababu pipa lake lina mdomo mpana na linakauka upesi.

Wiki iliyopita alikuja kuiona chupa, imegeuzwa juu ya uchanja, inameta. Akaizunguka, akaigonga kwa kidole.

"Nzuri, mwalimu. Ukiichoka uniletee, nitaweka karanga."

Sijaichoka. Bado kuna kiduara kimoja chembamba shingoni, mahali ambapo maji ya magadi hayakufika kwa sababu usiku ule sikuijaza mpaka juu. Nimetafuta brashi ya mkono mrefu Soko la Chifu Kingalu, nimetafuta Mawenzi, nimetafuta kwa wauza vyombo wa Msamvu. Zilizopo ni za chupa za kunyonyeshea watoto, zinaishia njiani. Msomaji mwenye brashi inayopinda ncha, naomba aniazime. Nitailipia kwa mvinyo wa rozela, au siki, kutegemea atafika lini.